Bao moja na pointi 47



Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, mpwa wangu alinifuata barazani akiwa na simu mkononi. Ni kijana wa miaka 19, mrefu, mwenye viganja vipana, na tangu akiwa shule ya msingi amekuwa akilinda lango la timu ya mtaani kwao. Alinipa shikamoo, akaketi kando yangu, kisha akanionyesha picha za video ambazo hazikutimia hata dakika moja.

Ni uwanja wa Uingereza, majukwaa yamejaa. Mpira wa kona unapigwa. Mchezaji mmoja anaupiga kichwa, mlinda mlango wa upande wa pili anautema, na hapo anatokea mtu aliyevaa jezi isiyofanana na za wenzake, anausukumiza wavuni kwa mguu wa kulia. Mtu huyo naye ni mlinda mlango. Kufumba na kufumbua, mashabiki wamefurika uwanjani na yeye hata haonekani, amefunikwa.

"Mjomba," akasema kijana, "huyu alichezea timu ile mechi tatu tu, na mpaka leo wanamtaja. Nami wiki ijayo nimeitwa kwenye majaribio, timu ya daraja la chini. Mama hataki. Anataka nianze chuo cha ufundi. Nakuomba uniombee kwake."

Dada yangu analea watoto wanne kwa vitumbua na maandazi, na siku zote hasemi jambo bila sababu. Kwa hiyo sikumjibu kijana upesi. Nilimwuliza swali moja tu: baada ya siku ile, bwana huyu aliishi vipi? Alirudi nyumbani na nini? Kijana akatikisa kichwa. Hakujua. Nikamwambia, basi tusome wote habari zake, kisha ndipo nitakapozungumza na mama yako. Tulikaa jioni mbili. Tuliyoyapata ndiyo ninayokuletea leo, kwa sababu naamini nyumba nyingi za Waislamu zina kijana kama huyu, na zina mama kama yule.

Mchezaji huyo anaitwa Jimmy Glass. Alizaliwa mwezi Agosti mwaka 1973 katika mji wa Epsom, kusini mwa Uingereza. Alianzia katika klabu ya Crystal Palace ya London, klabu kubwa kiasi, na huko alikaa miaka kadhaa bila kuicheza timu ya kwanza hata mechi moja ya ligi. Jambo hili kwa mtu asiyejua mpira laweza kuonekana kama kushindwa. Kwa anayeijua kazi ya mlinda mlango, ni jambo la kawaida kabisa.

Kazi hii ina ugumu ambao kazi nyingine za uwanjani hazina. Mshambuliaji wa akiba anaweza kuingizwa kipindi cha pili akafunga, jina lake likasikika. Kiungo anaweza kuchezeshwa pembeni ikiwa katikati kumejaa. Lakini lango ni moja, na anayesimama hapo ni mmoja. Maadamu hajaumia na hajavurunda, mwenzake wa akiba atafanya mazoezi Jumatatu, atafanya Jumanne, atasafiri na timu, atapasha misuli moto, kisha ataketi. Anaweza kumaliza msimu mzima hivyo. Na akipata nafasi, kosa lake halifichiki. Mshambuliaji akikosa mabao matano na kufunga la sita, hubebwa mabegani. Mlinda mlango akiokoa matano na kufungwa la sita kwa uzembe, ni lile la sita watakalokwenda nalo watu majumbani.

Mwaka 1996 Glass akahamia Bournemouth, klabu ya mji wa pwani iliyokuwa katika daraja la tatu kutoka juu. Hapo ndipo alipopata riziki ya kazi yake. Alicheza zaidi ya mechi 90 za ligi, mvua na jua, katika viwanja ambavyo kamera za televisheni hazifiki mara kwa mara. Mwezi Aprili mwaka 1998 timu yake ikafika fainali ya kombe la vilabu vya madaraja ya chini, katika uwanja wa Wembley, mbele ya watu zaidi ya 60,000. Bournemouth wakatangulia kwa bao moja. Katika kipindi cha pili mpira ukaingia langoni mwake, na kumbukumbu za mechi zikaandika kwamba Glass amejifunga mwenyewe. Mechi ikaenda muda wa ziada, Grimsby Town wakapata bao la ushindi, na kombe likaondoka.

"Mjomba," mpwa wangu akasema tulipofika hapo, "hili la kujifunga halimo kwenye video."

Nikamwambia, halimo. Mengi hayamo.

Baada ya Wembley alisajiliwa na Swindon Town, timu iliyokuwa daraja moja juu zaidi. Huko alicheza mechi chache, hakuelewana na mwalimu wake, akawekwa kando. Alikuwa na umri wa miaka 25, umri ambao mlinda mlango anapaswa kuwa anakomaa, naye alikuwa mtu wa kufanya mazoezi na kurudi nyumbani. Ndipo simu ilipotoka Carlisle.

Carlisle ni mji wa kaskazini kabisa mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Uskochi. Klabu yake, Carlisle United, ilikuwa imekaa katika ligi tangu mwaka 1928, na katika msimu wa 1998/99 ilikuwa inakaribia kutolewa. Wakati ule vilabu 92 viligawanywa katika madaraja manne, na kila mwisho wa msimu klabu moja tu, ile ya mkiani kabisa, ndiyo iliyotolewa nje ya ligi. Kutoka huko maana yake ni mapato kukatika, wachezaji kuondoka na wafanyakazi kupunguzwa. Katika hatari hiyo Carlisle ilikuwa imemuuza mlinda mlango wake wa kutegemewa, na yule iliyemwazima badala yake akaitwa arudi kwa wenyewe. Muda wa usajili ulikuwa umepita. Ikabidi klabu iombe kibali maalumu kwa wakuu wa ligi ili imwazime mwingine, nao wakapewa. Hivyo ndivyo Glass alivyofika, zikiwa zimebaki mechi tatu. Aliitwa kwa sababu lango lilikuwa tupu.

Mechi mbili za kwanza zilikwisha kwa sare. Ikafika tarehe 8 Mei 1999, siku ya mwisho ya msimu, nyumbani Brunton Park, dhidi ya Plymouth Argyle. Hesabu ilikuwa hivi: Carlisle walikuwa na pointi 46, na waliokuwa juu yao, Scarborough, walikuwa na 47. Scarborough walikuwa wanacheza kwao siku hiyohiyo, na wakatoka sare, wakafikisha 48. Mechi yao ikaisha mapema kidogo. Mashabiki wao wakaanza kusherehekea, kwa maana habari iliyotoka Carlisle ilikuwa sare ya bao moja kwa moja, na sare haikutosha.

Zilikuwa zimebaki sekunde tu za dakika za nyongeza. Carlisle wakapata kona. Mwalimu wao, Nigel Pearson, akampungia mkono mlinda mlango wake apande mbele. Glass akakimbia urefu wote wa uwanja. Kona ikapigwa, kichwa kikapigwa, mlinda mlango wa Plymouth akautema mpira, na yaliyofuata ndiyo hayo yaliyomo katika simu ya mpwa wangu. Mabao mawili kwa moja. Carlisle pointi 49, Scarborough 48. Carlisle wakabaki, Scarborough wakatoka.

Hapo kijana akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwomba avute subira, kwa kuwa hadithi ilikuwa haijakwisha. Mwisho wa video si mwisho wa mtu.

Kwanza, walioumia. Kila bao la aina hii lina upande wa pili ambao hautazamwi. Scarborough haikurudi tena katika ligi ile. Madeni yakaiandama, na mwaka 2007 klabu ikavunjwa. Sisemi kwamba bao moja ndilo lililoiua, kwa maana klabu haifi kwa siku moja. Lakini ipo haja ya kukumbuka kwamba wakati mji mmoja unacheka, kuna mji mwingine ambao watu wake wamesimama uwanjani wakisubiri habari njema, na habari haikuja.

Pili, mwenyewe. Mtu angedhani Carlisle wangempa mkataba wa miaka mitano na nyumba juu yake. Hawakubaki naye. Muda wa kuazimwa ukaisha, akarudi alikotoka. Baadaye akapita Cambridge United, Brentford na Oxford United, muda mfupi kila mahali, akicheza kwa nadra. Alipofika miaka 27 akaiacha kazi ya mpira wa ligi. Miaka 27, ndugu msomaji, ni umri ambao vijana wengi wa kwetu ndiyo kwanza wanatafuta posa. Akaenda kuuza kompyuta. Kisha akawa dereva wa teksi katika jimbo la Dorset, kusini mwa nchi yake. Abiria waliokuwa wakipanda nyuma yake hawakuwa na sababu ya kumjua.

Na lipo la tatu. Mwaka 2004 alitoa kitabu cha maisha yake, na miongoni mwa aliyoyakiri ni kwamba alikuwa ametekwa na kamari. Mtu yule ambaye mji mzima ulimbeba alikuwa na vita nyingine ambayo haikuwa na kamera wala shangwe, na katika vita hiyo alikuwa anashindwa.

Nilipolisoma hilo kwa sauti, mpwa wangu alinyamaza. Akaigeuza simu, kioo kikatazama chini. Nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa anatafuta maneno.

"Mjomba, mama alinipa shilingi 45,000 za glovu. Sikununua. Niliweka kwenye mkeka, mechi nane. Saba zilitiki. Ya nane walikuwa wanaongoza, wakasawazishiwa dakika za mwisho. Mkeka ukachanika."

Kwa wazazi ambao lugha hiyo ni ngeni kwao, nitafafanua. Mkeka ni orodha ya mechi ambazo kijana anabashiri matokeo yake na kuweka fedha. Ni lazima zote zitokee kama alivyosema. Ikiharibika moja, fedha zote zimekwenda. Nilimwuliza alijisikiaje mechi ya nane ilipoharibika. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. Alisema hakujisikia kwamba amepoteza. Alijisikia kwamba amekaribia. Na kwa sababu amekaribia, kesho yake akaazima 10,000 kwa rafiki, akajaribu tena.

Hapo nikaelewa kwa nini video ile ilimpendeza mno. Bao la sekunde za mwisho ni kitu halali, limepatikana kwa mguu na jasho la mtu. Lakini umbo lake linafanana sana na ahadi ya kamari: subiri tu, usikate tamaa, kila kitu kitageuka katika dakika ya mwisho. Kijana akizilisha nafsi yake ahadi hiyo kila siku, ataanza kuyaona maisha yote hivyo. Ataona kwamba kuamka alfajiri, kujifunza kazi na kuweka akiba ni mambo ya wasiokuwa na bahati.

Basi nikachukua kalamu, nikamwandikia hesabu. Carlisle walimaliza na pointi 49. Katika mpira, sare ni pointi moja na ushindi ni tatu. Kabla ya bao la Glass walikuwa na sare mkononi, yaani pointi 47. Bao lile liliongeza pointi mbili. Nikamwuliza, "Zile 47 zilitoka wapi?"

Akafikiri. "Zilipatikana msimu mzima."

Naam, zilipatikana tangu mwezi Agosti. Ni za wachezaji ambao hatukuyasoma majina yao. Ni za yule mlinda mlango aliyeuzwa na yule aliyeitwa arudi, ambao waliokoa mipira, na hakuna aliyewachukua video. Ni za beki aliyesawazisha siku ileile ya mwisho, ambaye bila yeye bao la Glass lisingekuwa na maana. Ondoa pointi moja tu katika zile 47, na bao la mlinda mlango lisingeokoa kitu kwa hakika, maana timu mbili zingelingana, 48 kwa 48, na pangehitajika kipimo kingine. Ondoa mbili, na lingekuwa bao zuri la timu iliyoshuka daraja. Video inaonyesha pointi mbili. Maisha ya mtu ni zile 47.

Dini yetu imelisema jambo hili kabla ya mpira kuwapo. Katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi kuwa ni uchafu katika kazi za shetani, akatueleza na lengo lake: kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuilia kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kuswali. Tazama jinsi lilivyotimia katika nyumba ya dada yangu. Uongo umeingia kati ya mama na mwanawe juu ya glovu. Deni limeingia kati ya kijana na rafiki yake. Na kijana mwenyewe amekiri kwamba Jumamosi ile alikuwa msikitini kwa mwili, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mechi ya nane.

Aliniuliza swali ambalo vijana wengi huuliza: mbona wapo wanaoshinda? Sikumkatalia. Hata Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 219, haikukanusha kwamba mna manufaa fulani kwa watu. Ilichosema ni kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Anayeshinda huonyeshwa kwenye tangazo. Wale wengi waliolipia ushindi wake hawaonyeshwi, kama vile zile pointi 47 zisivyoonyeshwa. Na wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Shilingi 45,000 zilikuwa mbachao wake, zilizotoka katika moto wa jiko la mama yake.

Sasa nirudi kwa Glass, kwa sababu sitaki umwache katika giza. Watu husimulia habari za teksi yake kana kwamba ni anguko: jana shujaa, leo dereva. Mimi siioni hivyo. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa hakuna chakula bora kwa mtu kuliko kile anachokula kutokana na kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daud (a.s.), naye alikuwa mfalme, alikula kutokana na kazi ya mikono yake. Mtu aliyeshika usukani usiku kucha ili nyumba yake ipate chakula hajaanguka. Anakusanya pointi zake moja moja. Na miaka baadaye, Bournemouth ileile alikocheza zaidi ya mechi 90 bila kuimbwa, ikiwa imekwisha kupanda hadi Ligi Kuu, ilimpa kazi ya kuwasaidia wachezaji katika mambo yao ya nje ya uwanja, kama vile makazi. Riziki ilimrudia kwa mlango wa kazi yake ya siku nyingi, na mji uliomrudisha ni ule aliotumikia kwa miaka, wala si ule wa siku moja.

Kesho yake nilikwenda kwa dada yangu. Kijana alitangulia mwenyewe kumwambia mama yake habari ya glovu, kwani nilikataa kumsemea. Sitaieleza ile saa. Mama alilia, kisha akauliza rafiki anadaiwa kiasi gani, kisha akarudi jikoni. Baadaye tulikaa watatu tukakubaliana mambo, nami nayaandika hapa kwa faida ya wazazi wengine.

La kwanza, kijana aende kwenye majaribio. Kipaji ni neema, na kumzuia kabisa ni kumfundisha kutoroka. La pili, majaribio yasiondoe chuo. Mazoezi ya timu zetu za madaraja ya chini kwa kawaida huwa asubuhi mapema au jioni, na chuo huwa mchana. Mlinda mlango anaweza kuvunjika kidole siku ya kwanza, na fundi mwenye kidole kilichovunjika bado ana akili yake na cheti chake. La tatu, akipewa karatasi ya kutia saini, isitiwe saini uwanjani. Ije nyumbani, isomwe na mtu mzima: ni ya muda gani, malipo ni lini, akiumia nani anamtibu. La nne, saa za swala zijulikane tangu siku ya kwanza. Mechi nyingi za kwetu huanza jioni, Alasiri imekwisha kuingia, na mwalimu akiambiwa mapema, huwa na nafasi ya kupanga.

La tano ndilo zito. Kubeti kumekwisha. Nilimweleza kwamba hata tukiweka dini kando kwa dakika moja, kanuni za mpira duniani zinamkataza mchezaji kuweka fedha katika mechi za mpira, na anayekamatwa hufungiwa. Tena mlinda mlango mwenye deni ni mtu wa hatari kwa timu yake. Atakuja mtu mwenye bahasha, atamwambia hahitaji kufanya lolote, achelewe tu kuruka mara moja. Mwenye deni husikiliza maneno ambayo asiye na deni angeyafukuza. Kwa hiyo deni la rafiki litalipwa kwanza, kwa kazi ya kijana mwenyewe. Atauza vitumbua asubuhi hadi 10,000 itimie, kisha hadi 45,000 itimie. Simu yake itakaa kwa mama kuanzia Magharibi. Na kama nafsi itamvuta tena, aje kwangu saa yoyote. Tulikubaliana kwamba hatapigwa wala hatatangazwa, kwa maana mwenye ugonjwa huu akiaibishwa huuficha, na ukifichwa hukua.

Nanyi wazazi wenzangu, tujitazame. Mara ngapi tumemsifu mtoto wa jirani kwa gari aliyokuja nayo, bila kuuliza ilipatikana vipi? Mara ngapi kijana amerudi nyumbani na mia mbili zake za halali tukamwambia, "Ndiyo hizi tu?" Mtoto hujifunza kudharau pointi moja moja kwa kutusikia sisi. Mchumia juani hulia kivulini, lakini ni lazima kwanza aone kwamba nyumbani kwao jua linaheshimiwa.

Ninapoandika haya ni siku ya tano. Asubuhi nimepita pale kwa dada yangu nikamkuta kijana amesimama na beseni la vitumbua, mikono yake mipana inafunga gazeti kwa ustadi usiotarajiwa. Majaribio ni kesho. Glovu mpya hana. Ataazima za mwenzake, zimechanika kidole gumba, naye amezishona. Nilimwuliza amefikia wapi.

"Elfu saba, mjomba," akasema. "Bado."

Hakusema amekaribia. Amesema bado, na mimi nimeshukuru kwa neno hilo. Tumwombee, yeye na vijana wetu wote, Mwenyezi Mungu awape riziki ya halali na subira ya kuikusanya.

Wabillahi tawfiq.